Kati ya Buluk na Kator: Istilahi za Kiswahili na Sheria ya Kanisa Katoliki kuhusu Makosa Mazito ya Wakleri

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna sheria ya Kanisa Katoliki inavyoshughulikia makosa mazito ya wakleri, na yanaonyesha jinsi maneno ya Kiswahili yanayotumika kueleza sheria hiyo yanavyoweza kumwongoza au kumpotosha msikilizaji. Mfano mkuu ni shambulio la risasi dhidi ya askofu mteule wa Rumbek, Sudani Kusini, mwezi Aprili 2021, ambalo lilifikishwa mbele ya Mahakama Kuu mjini Juba na kuishia kwa padri wa jimbo hilo kutiwa hatiani. Hoja ya makala ni kwamba maneno kama kosa, kusimamishwa, kutengwa, kufukuzwa upadri na msamaha hukusanya pamoja mambo ambayo sheria ya Kanisa huyatenganisha kwa makini, na kwamba mkanganyiko huo humfanya mwenye malalamiko asijue abishe mlango upi na atarajie nini. Makala yanapendekeza matumizi ya istilahi yanayoheshimu tofauti hizo.

1.0 Utangulizi

Katika jiji la Juba, eneo la Buluk linajulikana zaidi kwa makao makuu ya polisi ya taifa. Neno buluk katika Kiarabu cha Sudani lina maana ya kikosi cha askari, nalo limetoka katika Kituruki. Upande mwingine wa jiji, mtaani Kator, lipo Kanisa Kuu la Mtakatifu Teresa, kiti cha Askofu Mkuu wa Juba. Mtu aliyepigwa, aliyeibiwa au aliyejeruhiwa na jirani yake anajua kwamba njia yake inaelekea polisi. Swali huwa gumu pale mtenda kosa anapokuwa padri. Wapo wanaodhani kwamba padri hushtakiwa kwa askofu wake tu. Wapo pia wanaodhani kwamba baada ya polisi na mahakama kumaliza kazi, Kanisa halina tena la kusema.

Dhana zote mbili si sahihi. Sheria ya nchi na sheria ya Kanisa ni mikondo miwili inayoweza kwenda sambamba juu ya tendo moja. Sheria ya nchi inaweza kumnyang’anya mkosaji uhuru wake, lakini haiwezi kumnyang’anya ukleri. Sheria ya Kanisa inaweza kumwondoa katika ukleri, lakini haina gereza. Kila mkondo una maswali yake, ushahidi wake na hukumu zake.

Suala hili linagusa lugha moja kwa moja. Tangu Sudani Kusini ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, Kiswahili kimepata msukumo mpya nchini humo, juu ya kile kilicholetwa na wakimbizi waliorejea kutoka Kenya na Uganda. Kadiri lugha inavyoingia katika maisha ya umma, ndivyo inavyobeba mzigo wa kueleza haki na adhabu. Istilahi inayokanganya katika hotuba ya kawaida huleta usumbufu mdogo. Inayokanganya katika shauri la jinai inaweza kumnyima mtu haki yake.

2.0 Shauri la Rumbek

Jimbo Katoliki la Rumbek lilibaki bila askofu kwa takriban miaka kumi baada ya kifo cha Askofu Cesare Mazzolari mwezi Julai 2011. Tarehe 8 Machi 2021, Papa Fransisko alimteua Padri Christian Carlassare, Mmisionari wa Komboni kutoka Italia aliyekuwa amefanya utume Sudani Kusini tangu mwaka 2005, kuwa askofu wa jimbo hilo. Alikuwa na umri wa miaka 43. Ibada ya kuwekwa wakfu ilipangwa kufanyika tarehe 23 Mei 2021.

Usiku wa kuamkia tarehe 26 Aprili 2021, watu wenye silaha waliingia katika makazi yake mjini Rumbek na kumpiga risasi miguu yote miwili. Alisafirishwa hadi Nairobi kwa matibabu. Akiwa bado anauguza majeraha, alitangaza hadharani kwamba amewasamehe waliomshambulia. Aliwekwa wakfu mjini Rumbek tarehe 25 Machi 2022, na mwezi uliofuata Mahakama Kuu mjini Juba iliwatia hatiani watu kadhaa kwa kuhusika na shambulio hilo. Miongoni mwao alikuwamo padri wa jimbo hilohilo, aliyekuwa ameshika wadhifa wa kuratibu shughuli za jimbo kabla ya uteuzi wa askofu. Mahakama ilimhukumu kifungo cha miaka 7. Mwezi Julai 2024, Askofu Carlassare aliteuliwa kuwa askofu wa kwanza wa jimbo jipya la Bentiu.

Hukumu ya Juba ilijibu swali la sheria ya nchi. Mbele ya sheria hiyo, aliyejeruhiwa alikuwa mtu, na uzito wa kosa haukutegemea cheo chake kanisani. Makala haya hayakusudii kumhukumu mtu yeyote upya. Yanalitumia shauri hili kwa sababu linaonyesha, pengine kuliko shauri lingine lolote katika ukanda huu, maswali ambayo sheria ya Kanisa huuliza juu ya tendo ambalo sheria ya nchi tayari imekwisha kulitolea uamuzi.

3.0 Sheria, kanuni na kosa

Msingi wa sheria ya Kanisa la Kilatini ni Mkusanyiko wa Sheria za Kanisa uliotangazwa na Papa Yohane Paulo wa Pili tarehe 25 Januari 1983 na kuanza kutumika tarehe 27 Novemba mwaka huohuo. Una kanuni 1752, na Kitabu cha Sita ndicho kinachohusu makosa na adhabu. Kitabu hicho kilifanyiwa marekebisho makubwa na Papa Fransisko kwa Katiba ya Kitume iitwayo Pascite gregem Dei. Katiba hiyo ilitiwa saini tarehe 23 Mei 2021, siku ileile ambayo Carlassare angewekwa wakfu kama asingeshambuliwa, na ilianza kutumika tarehe 8 Desemba 2021.

Jina la mkusanyiko huu linahitaji uangalifu mbele ya hadhira ya Juba. Neno sheria limetoka katika Kiarabu, na kwa msemaji wa Kiarabu cha Juba linaita kumbukumbu mahususi: mwezi Septemba 1983, Rais Jaafar Nimeiry alitangaza sheria za Kiislamu nchini Sudani, na jambo hilo likawa miongoni mwa yaliyochochea vita vya muda mrefu vilivyokoma mwaka 2005. Hivyo mwaka uleule ulioleta mkusanyiko mpya wa sheria za Kanisa ulilitia neno sharia uchungu ambao mzee wa Juba hajausahau. Kwa Mswahili wa Tanga au Mombasa, sheria ni neno la kawaida lenye maana ya utaratibu wowote wenye nguvu ya dola. Kwa msikilizaji wa Juba, maana hiyo haiji yenyewe. Hana budi kuelezwa.

Neno kanuni lina historia tofauti. Kiarabu huita sheria ya nchi qanun, neno ambalo limetoka katika Kigiriki kanon, yaani fimbo ya kupimia. Kigiriki hichohicho ndicho kilicholipa Kanisa jina la vifungu vya sheria yake. Kwa hiyo kanuni ya Kiswahili, qanun ya Kiarabu na kanon ya Kanisa ni matawi ya shina moja. Mfasiri anayetumia kanuni kwa kila kifungu cha sheria ya Kanisa anatumia neno ambalo msikilizaji wa Juba ataligusa bila shida, ingawa atahitaji kuambiwa kwamba hapa halina maana ya sheria ya serikali.

Tatizo kubwa zaidi liko katika neno kosa. Kiswahili kinaweza kuita kosa kila kitu, kuanzia kukosea herufi hadi kuua. Sheria ya Kanisa hutenganisha mambo matatu. La kwanza ni dhambi, ambayo ni uvunjaji wa uhusiano kati ya mtu na Mungu, na ambayo hushughulikiwa katika kitubio. La pili ni kosa la jinai la kikanisa, ambalo ni tendo la nje linalovunja sheria au amri iliyoambatanishwa na adhabu, na linaloweza kuhesabiwa juu ya mtendaji kwa sababu alilikusudia au, katika hali zilizotajwa, alizembea. La tatu ni jinai ya nchi. Tendo moja linaweza kuwa yote matatu, lakini si lazima. Wivu ni dhambi na si jinai popote. Kujaribu kuadhimisha Misa bila kuwa padri ni kosa la jinai la kikanisa, ingawa polisi hawana haja nalo. Kumpiga mtu risasi ni dhambi, ni kosa la kikanisa na ni jinai ya nchi.

Inafaa pia kueleza neno mkleri. Katika sheria ya Kanisa, mtu huwa mkleri anapopewa daraja la ushemasi. Wakleri kwa hiyo ni mashemasi, mapadri na maaskofu. Mtawa wa kike au bruda asiye na daraja si mkleri, hata kama waamini humwona kuwa mtu wa Kanisa kwa kiwango kilekile.

4.0 Kutoka malalamiko hadi hukumu

Askofu anapopata taarifa yenye uwezekano wa kuwa kweli kwamba mkleri wake ametenda kosa la jinai, kanuni ya 1717 inamtaka afanye uchunguzi wa awali, yeye mwenyewe au kwa kumtuma mtu anayefaa, kuhusu ukweli wa tendo, mazingira yake na kama linaweza kuhesabiwa juu ya mtuhumiwa. Uchunguzi huo unapaswa kulinda jina jema la kila mtu. Marekebisho ya 2021 yaliandika waziwazi katika kanuni ya 1321 kwamba kila mtu huhesabiwa kuwa hana hatia hadi ithibitishwe vinginevyo. Yalibadilisha pia kanuni ya 1341: pale ambapo maonyo ya kidugu na njia nyingine za kichungaji hazitoshi kurejesha haki, kumrekebisha mkosaji na kuponya kwazo, askofu sasa ana wajibu wa kuanzisha mchakato wa adhabu. Hiari iliyokuwa ikisomwa katika maandishi ya zamani imepunguzwa.

Wakati uchunguzi au kesi ikiendelea, kanuni ya 1722 inaruhusu hatua za tahadhari: mtuhumiwa anaweza kuzuiwa kutoa huduma, kuondolewa katika ofisi fulani, kuamriwa kuishi au kutoishi mahali fulani. Hatua hizi si adhabu. Sababu yake ikikoma ni lazima ziondolewe, na mchakato ukiisha zinakoma zenyewe.

Baada ya uchunguzi, shauri linaweza kwenda mbele kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kesi mahakamani. Kwa makosa yanayoweza kuleta kuondolewa katika hali ya ukleri, kanuni ya 1425 inataka jopo la mahakimu watatu. Njia ya pili ni amri ya kiutawala, ambapo mtuhumiwa huelezwa shtaka na ushahidi, hupewa nafasi ya kujitetea, na askofu huamua baada ya kupima ushahidi pamoja na washauri wawili. Katika njia zote mbili mtuhumiwa halazimiki kukiri kosa, na anapokata rufaa, utekelezaji wa adhabu husimama.

Yapo makosa ambayo askofu hawezi kuyamaliza peke yake. Tangu hati ya Papa Yohane Paulo wa Pili ya tarehe 30 Aprili 2001, iliyorekebishwa mwaka 2010 na 2021, makosa mazito zaidi dhidi ya imani, dhidi ya baadhi ya sakramenti na dhidi ya maadili yamewekwa chini ya idara ya Kiti Kitakatifu inayoshughulikia mafundisho ya imani. Miongoni mwake ni kunajisi Ekaristi, kuvunja siri ya kitubio, na unyanyasaji wa kijinsia dhidi ya mtoto aliye chini ya miaka 18. Kwa kosa hili la mwisho, muda wa kushtaki ni miaka 20, nao huanza kuhesabiwa mtoto anapotimiza miaka 18. Hati nyingine, Vos estis lux mundi, iliyotolewa mwezi Mei 2019 na kufanywa ya kudumu mwaka 2023, inawataka wakleri na watawa kutoa taarifa wanapofahamu au kuwa na sababu ya kuamini kwamba makosa kama hayo yametendeka. Inataka kila jimbo liwe na njia inayofikika ya kupokea taarifa. Na inasema kwamba wajibu mbele ya sheria za nchi unabaki palepale. Taarifa inayomhusu askofu kwa kawaida hupitia kwa askofu mkuu wa kanda. Kwa kuwa Juba ndilo jimbo kuu pekee la Sudani Kusini, jukumu hilo huangukia Kator.

Kumshambulia askofu hakumo katika orodha ya makosa yaliyowekwa chini ya idara hiyo. Shauri la namna hiyo linabaki ngazi ya jimbo, na hapo ndipo ugumu unapojitokeza: askofu wa jimbo, ambaye ndiye hakimu wa kwanza wa jimbo lake, ndiye pia aliyetendewa kosa. Waswahili husema kesi ya ngedere haipelekwi kwa nyani. Kanuni ya 1448 inalinda jambo hilohilo kwa kumkataza hakimu kushughulikia shauri ambalo yeye mwenyewe ana maslahi nalo. Haki ya mtuhumiwa inalindwa hapa sawasawa na heshima ya aliyejeruhiwa.

5.0 Kusimamishwa, kutengwa, kuondolewa

Kanuni ya 1312 inagawa adhabu za Kanisa katika makundi mawili makuu. Kundi la kwanza ni adhabu za kuponya, ambazo lengo lake ni kumrudisha mkosaji: kutengwa na ushirika wa Kanisa, zuio la kushiriki ibada na sakramenti, na kusimamishwa. Adhabu hizi zinahitaji onyo la awali, isipokuwa pale sheria inapoziweka zijitokeze zenyewe papo hapo kwa kutendwa kwa kosa, jambo ambalo Kilatini huliita latae sententiae. Kundi la pili ni adhabu za kulipia kosa: amri, makatazo, kunyimwa madaraka na, kwa wakleri, kuondolewa katika hali ya ukleri.

Katika mazungumzo ya kila siku, padri akiambiwa amesimamishwa, msikilizaji hawezi kujua kama ni hatua ya tahadhari ya kanuni ya 1722, ambayo haisemi lolote juu ya hatia, au ni adhabu ya kusimamishwa ya kanuni ya 1333, ambayo inasema. Tofauti hii si ndogo. Padri aliyezuiwa kwa tahadhari halafu akaonekana hana hatia hudhurika maisha yake yote ikiwa neno lilelile limetumika kwake na kwa aliyetiwa hatiani. Kwa upande mwingine, aliyeumizwa hudanganyika akidhani kwamba hukumu imekwisha kutolewa, kumbe ni mwanzo tu.

Neno kutengwa nalo lina historia yake katika Afrika Mashariki. Katika makanisa kadhaa ya Kiprotestanti, kutengwa ni nidhamu ya ushirika inayoweza kumpata muumini kwa kosa la kimaadili, na kumalizika kwa kutubu mbele ya usharika. Katika Kanisa Katoliki, kutengwa ni adhabu iliyo nzito kuliko zote za kuponya, na imewekwa kwa makosa machache sana. Mchungaji na padri wakitumia neno moja katika mtaa mmoja, waamini wao husikia mambo mawili yasiyolingana uzito.

Usemi kufukuzwa upadri unapotosha kwa namna nyingine. Kanuni ya 290 inasema kwamba daraja takatifu likishapokelewa kwa uhalali halibatiliki. Kinachopotea ni hali ya ukleri: haki, wajibu, madaraka na ruhusa ya kutoa huduma. Ndiyo maana kanuni ya 976 inamruhusu hata padri aliyeondolewa katika hali hiyo kumwondolea dhambi mtu aliye katika hatari ya kufa. Ndiyo maana pia kuondolewa huko hakumfungulii moja kwa moja mlango wa ndoa. Kwa mujibu wa kanuni ya 291, msamaha wa useja hutolewa na Papa peke yake. Aidha, kanuni ya 1350 inamtaka askofu kuangalia kwamba aliyeondolewa haishi katika ufukara usio na msaada.

Tofauti kati ya kutengwa na kuondolewa inaonekana vizuri katika shauri la Askofu Mkuu Emmanuel Milingo wa Zambia. Mwezi Septemba 2006 aliwaweka wakfu wanaume wanne waliooa kuwa maaskofu bila idhini ya Papa, na siku chache baadaye Kiti Kitakatifu kilitangaza kwamba amejiletea adhabu ya kutengwa iliyojitokeza yenyewe. Mlango wa kurudi ulikuwa bado wazi. Ilikuwa mwezi Desemba 2009, baada ya kuendelea na matendo hayo, ndipo Kiti Kitakatifu kilipotangaza kuondolewa kwake katika hali ya ukleri. Kati ya tangazo la kwanza na la pili ilipita zaidi ya miaka mitatu. Anayesema kwamba Milingo alifukuzwa mwaka 2006 anachanganya hatua mbili zenye sababu na malengo tofauti.

6.0 Askofu na askofu mteule

Kanuni ya 1370 inaonyesha jinsi neno moja linavyoweza kuamua shauri. Kifungu chake cha pili kinasema kwamba anayetumia nguvu dhidi ya mtu mwenye daraja la uaskofu hupatwa papo hapo na zuio, na akiwa mkleri, hupatwa pia na adhabu ya kusimamishwa. Kifungu cha tatu kinahusu nguvu dhidi ya mkleri mwingine au mtawa: hapo mkosaji anapaswa kuadhibiwa kwa adhabu ya haki, endapo alitenda kwa dharau ya imani, ya Kanisa, ya mamlaka ya Kanisa au ya huduma.

Usiku wa tarehe 26 Aprili 2021, Carlassare alikuwa ameteuliwa lakini hakuwa amewekwa wakfu. Katika mazungumzo, neno mteule huachwa kwa urahisi, na watu husema tu kwamba askofu alipigwa risasi. Lakini maandishi ya Kilatini hayasemi aliyeteuliwa. Yanamtaja aliye na tabia ya kiaskofu, yaani alama inayotolewa na kuwekwa wakfu. Na kanuni ya 18 inataka sheria zinazoweka adhabu zisomwe kwa maana finyu. Kwa usomaji huo, kifungu cha pili hakitumiki, na adhabu za papo hapo hazimfikii mtu aliyemshambulia mteule. Kinachobaki ni kifungu cha tatu, ambacho kinadai kuthibitishwa kwa nia ya dharau, pamoja na kanuni ya 1397 kuhusu kuua, kuteka, kukata viungo na kujeruhi vibaya.

Kanuni ya 1397 nayo ina jambo lake la wakati. Maandishi ya 1983 yaliweka makatazo na kunyimwa madaraka kulingana na uzito wa kosa. Maandishi yaliyoanza kutumika Desemba 2021 yaliongeza kwamba, katika hali nzito zaidi, mkleri mwenye hatia aondolewe katika hali ya ukleri. Shambulio lilitokea kati ya sheria hizo mbili, wakati ya zamani ingali ikitumika, na kanuni ya 1313 inasema kwamba sheria ikibadilika baada ya kosa kutendwa, hutumika ile iliyo nafuu kwa mkosaji. Kwa hiyo kosa la Aprili 2021 likisomwa kwa kanuni hiyo peke yake, kuondolewa katika ukleri hakumo miongoni mwa adhabu zilizotajwa. Haina maana kwamba njia zimefungwa kabisa: tangu mwaka 2009 idara ya Kiti Kitakatifu inayosimamia wakleri ina mamlaka maalumu ya kushughulikia uvunjaji mzito wa sheria unaoleta kwazo kubwa. Lakini njia hiyo hupita Roma, na haijitokezi yenyewe kwa sababu tu mahakama ya nchi imetoa hukumu ya kifungo.

Muumini anayesikia haya anaweza kuudhika. Inawezekanaje risasi ileile iwe na uzito tofauti kwa sababu ya ibada iliyokuwa imebakiza wiki nne? Jibu la sheria ni kwamba adhabu ya papo hapo haina hakimu. Humpata mtu kabla ya kusikilizwa. Kwa sababu hiyo maneno yake hayaruhusiwi kupanuliwa hata kwa huruma kwa aliyejeruhiwa. Adhabu nyingine zote zinapitia katika ushahidi na utetezi, na huko ndiko uzito kamili wa tendo unakopimwa.

7.0 Msamaha

Neno lililozua maswali mengi zaidi katika shauri la aina hii ni msamaha. Katika Kiswahili cha kawaida, kusamehe kesi ni kuifuta. Mdai akisamehe, wazee huinuka na kila mmoja hurudi kwake. Msikilizaji mwenye maana hiyo kichwani, akisikia kwamba askofu amewasamehe waliompiga risasi, atategemea mlango wa gereza ufunguliwe. Na usipofunguliwa, atadhani msamaha ule ulikuwa wa mdomoni.

Sheria ya Kanisa inatenganisha misamaha mitatu. Upo msamaha wa aliyetendewa, ambao ni tendo la moyo wake na haumfungi hakimu yeyote, awe wa Kator au wa mahakama ya nchi. Lipo ondoleo la dhambi katika kitubio, ambalo linabaki chini ya siri isiyovunjwa: padri aliyesikia maungamo hawezi kuyatumia kuanzisha kesi, na vilevile aliyeungama hawezi kudai kwamba kesi yake imekwisha. Lipo, mwisho, ondoleo la adhabu, ambalo hutolewa na mamlaka husika. Kwa adhabu za kuponya, kanuni ya 1358 inasema ondoleo haliwezi kutolewa kwa aliye mkaidi, na haliwezi kunyimwa aliyetubu kweli na kuonyesha nia ya kurekebisha madhara. Kwa adhabu za kulipia kosa, toba peke yake haimpi mkosaji haki hiyo.

Kwa kutazama hivyo, msamaha uliotangazwa na askofu akiwa mgonjwa na hukumu iliyotolewa Juba mwaka uliofuata havipingani. Kila kimoja kilitoka kwa mwenye mamlaka nacho.

8.0 Hitimisho na mapendekezo

Uchambuzi huu unaonyesha kwamba sheria ya Kanisa kuhusu makosa ya wakleri imejengwa juu ya tofauti ambazo Kiswahili kina uwezo wa kuzitaja, lakini ambazo matumizi ya kawaida huzifunika. Kwa wanaofasiri, wanaofundisha katika seminari na wanaotoa taarifa kwa umma, inapendekezwa:

(i) Neno kosa liambatane na sifa yake: kosa la kikanisa au jinai ya nchi, na neno dhambi libaki katika uwanja wa kitubio.

(ii) Hatua za kanuni ya 1722 ziitwe kuzuiwa kwa tahadhari, na neno kusimamishwa litumike kwa adhabu tu.

(iii) Kutengwa kuandikwe kwa ukamilifu wake, kutengwa na ushirika wa Kanisa, ili kusichanganywe na nidhamu za usharika katika madhehebu mengine.

(iv) Kufukuzwa upadri kuachwe, na mahali pake patumike kuondolewa katika hali ya ukleri.

(v) Msamaha wa aliyetendewa, ondoleo la dhambi na ondoleo la adhabu vitajwe kila kimoja kwa jina lake.

Mapendekezo haya hayahitaji kubuni maneno mapya, kwani yote yamo katika Kiswahili kinachosemwa tayari. Kinachohitajika ni kuyapa mipaka na kuidumisha, hasa katika mazingira kama ya Juba, ambako Kiswahili kinajifunzwa na watu wenye Kiarabu cha Juba, Kibari, Kidinka na lugha nyingine, na ambako neno huweza kufika kabla ya maelezo yake. Aliyeumizwa na mkleri anastahili kuambiwa kwa lugha inayoeleweka kwamba kwenda Buluk si usaliti kwa Kanisa, kwamba hukumu ya mahakama ya nchi haimalizi wajibu wa Kator, na kwamba kusamehe kwake hakumwondolei haki ya kusikilizwa katika sehemu zote mbili.